Papa anataka kuuza parseli ili niende Canada, nifanye nini?

*"Jambo yenu mama. Miye niko binti wa miaka 26, nilimaliza Polytechnique hapa UNILU, chuo kikuu cha Lubumbashi, mwaka uliopita, metalurji, na distinction. Tangu pale naweka dosie kila mahali, Likasi, Kolwezi, Fungurume, hakuna anayeita. Nilifanya staji ya miezi mitatu kwa sosiete moja bila kulipwa hata transport, walisema tungoje simu. Sasa kuna mtu wa kanisani kwetu ametuletea kontra ya kazi Canada, kwenye kiwanda cha nyama, anaomba dola 4,500, nusu mbele, nusu viza ikitoka. Papa anataka kuuza parseli yetu, kiwanja cha Kasapa. Mama yeye anaona afazali niende Afrika Kusini kwa mjomba juu ni karibu. Wenzangu wawili wa promosio wako Kolwezi wanafanya jurnalye, kibarua cha siku, wanasema nisifike kule nitateseka. Naogopa kubaki nizeeke na diploma kwenye farde, na naogopa kuondoka vibaya. Nimekutumia picha ya kontra. Nifanye nini?"*

Jambo mwanangu. Nianzie kwa parseli, juu kwenye barua yako yote njo kitu kimoja ambacho kikishaenda hakirudi. Mwambie papa asiuze. Diploma haiozi na miaka 26 si uzee, lakini ardhi ya Kasapa mkiiuza leo na haraka mtaiuza kwa bei ya mtu mwenye shida, na kuinunua tena na mshahara wa mtu anayeanza maisha, awe hapa awe kule, ni kazi ya miaka.

Miye nimekaa muda mrefu kwenye bilo za kuajiri watu kwa masosiete ya mine huku Katanga, na sa hii nasaidia vijana kupanga dosie zao, za hapa na za nje. Sitakuambia baki ujenge inchi, wala sitakuambia kimbia, juu nimeona watu wakifaulu pande zote mbili na nimeona watu wakiumia pande zote mbili. Ila naona umefunga maneno mawili kwenye furushi moja: kama kuondoka ni vizuri, na kama kuondoka kwa mkono wa mtu huyu ni vizuri. Tuanze na hili la pili, ni fupi.

Kontra uliyonituma nimeisoma yote. Imeli ya hicho kiwanda inaishia na gmail. Mshahara umeandikwa kwa mwezi tena kwa dola za Marekani, wakati kazi za viwanda kule Canada zinalipwa kwa saa, na kwa dola za Canada. Hakuna mtu aliyekuuliza swali hata moja, hakuna aliyekupigia hata WhatsApp akuone uso, na tayari wamekupa cheo cha msimamizi kwenye kazi ya nyama ambayo hujawahi kuigusa. Halafu chini kabisa, herufi ndogo ndogo, "ada ya LMIA dola 1,500" kwa mfanyakazi. Hapo karatasi yote inaanguka. LMIA ni ruhusa ambayo bosi wa Canada mwenyewe anaiomba kwa serikali yake, kuonyesha kwamba alitafuta mfanyakazi kule kwao akakosa, na ada yake ni dola 1,000 za Canada kwa kila nafasi, analipa yeye bosi, na sheria yao inamkataza kumbebesha mfanyakazi gharama hiyo. Kwa hiyo huyo mtu anakuuzia kitu ambacho wewe hupaswi hata kukilipia.

Najua papa atasema ni mtu wa kanisani, tunasali naye. Inawezekana kabisa yeye mwenyewe anaamini, wengi wa hawa demarsheri, watu wa kati wa viza, wanatumwa na mtu mwengine ambaye hawajawahi kumuona na wao wanakula tu komisio, lakini imani yake haibadilishi karatasi. Na hasara haitaishia kwa franga. Dosie ikiingia na jina lako juu na uongo ndani, Canada haitamtafuta demarsheri, itakutafuta wewe, na adhabu ya kudanganya kwenye dosie ni kufungiwa kuingia kwa miaka 5. Baadaye ukiomba viza ya inchi ingine watakuuliza kama umewahi kukataliwa, na itabidi useme ndiyo. Kwa kawaida mtu anayeruhusiwa kulipwa kwa kukushauri mambo ya kuhamia Canada ni ama avoka (wakili) wa kule ama mshauri aliyeandikwa kwa College of Immigration and Citizenship Consultants, rejista yao iko wazi kwenye intaneti, unaingiza jina unaona. Mwombe huyo mtu wa kanisani namba yake ya rejista, kwa heshima, mbele ya papa. Jibu atakalotoa litamsaidia papa kuliko maneno yangu yote.

Sasa neno kubwa, la kuondoka kwenyewe.

Vijana wengi wanaokuja kwangu wanafikiri kule nje wanatafuta diploma, na kwamba shida yetu ni viza tu. Si hivo. Chukua hiyo hiyo Canada, juu njo wameandika masharti yao wazi. Njia ya kawaida ya mtu msomi anayetoka nje inapita kwenye mfumo wao unaoitwa Express Entry. Ili hata uingie kwenye foleni kupitia mlango wa wafanyakazi wenye ujuzi, lazima uwe na mwaka mmoja mzima wa kazi ya ujuzi, usiokatika, wanahesabu saa 1,560, uwe ndani ya miaka 10 ya mwisho, na iwe kazi ya kulipwa. Ile staji yako ya miezi mitatu bila hata transport, wao wanaihesabu sifuri, kwa uchungu wote ulioupata pale. Kwa hiyo leo, na distinction yako, kwa mlango huo hauko hata kwenye foleni. Ukiwa na mwaka mmoja wa kulipwa na wenye karatasi, unaingia. Ukiwa na miaka mitatu, pointi zinapanda tena.

Na hapa kuna habari nzuri ambayo hakuna aliyekuambia. Kwenye hesabu ya pointi zao za foleni, umri wa miaka 20 mpaka 29 wote unapata pointi zilezile za juu, zinaanza kushuka ukifika 30. Maana yake miaka miwili mitatu utakayotumia kutafuta uzoefu haikupunguzii kitu kwa upande wa umri, inakuongezea kwa upande wa kazi. Ule woga wa kwamba kila mwezi unaopita mlango unafungwa, njo woga ambao mademarsheri wanaula, na kwa umri wako hauna msingi.

Habari ya pili ni kifaransa. Tangu 2023 Canada inachagua kundi la wanaojua kifaransa peke yake, na mara nyingi kwa pointi za chini sana kuliko kundi la watu wote. Lakini kusoma kwa kifaransa miaka yote hiyo hakutoshi, lazima ufanye mtihani, TCF Canada ama TEF Canada, upate kiwango cha 7 kwenye kusikiliza, kusoma, kuandika na kuongea, vyote vinne. Wakongo wengi wanadharau huo mtihani juu "kifaransa tumezaliwa nacho", halafu kuandika kunawaangusha. Usiufanye sa hii lakini, matokeo yanaishi miaka 2 tu, utayapoteza bure kabla mwaka wako wa kazi haujatimia. Cha kufanya mapema ni ile evaluation ya diploma, yaani kuilinganisha na diploma za kule, juu yenyewe inaishi miaka 5 na kwetu inachelewa: mashirika yanayoifanya kama WES yanataka chuo chenyewe kitume karatasi, si wewe, na wewe unajua aparitora zetu, bilo za karatasi za wanafunzi, karatasi moja inaweza kulala pale msimu mzima. Anza kuifuata ungali hapa Lubumbashi. Na ujue kwa uhamiaji wanachotafuta ni kiwango, kwamba ulisoma miaka mitano ya enjenia kwenye chuo kinachotambulika, distinction yako hawaigusi. Itakusaidia kwa burse, msaada wa kulipiwa masomo, tutafika.

Nisikufiche upande wa pesa. Mtu mmoja anayeingia kwa mlango ule bila kazi ya kule lazima aonyeshe zaidi ya dola 15,000 za Canada zilizo zake kweli, si za kukopa wiki mbili ziweke picha kwenye konti halafu zirudi. Evaluation, mtihani na pasipoti vyote pamoja havifiki nusu ya hizo 4,500, na ada ya ombi lenyewe unalipa ukishaalikwa, lakini akiba ile njo mlima. Tena kule enjenia ni cheo kilichofungwa na sheria, Ontario ama Québec huwezi kujiita enjenia mpaka ordre yao ikukubali, kwa hiyo mwanzoni wengi wanaingia kama teknisie wa laboratware ama wa kiwanda. Si aibu, ila ulijue kabla, usije ukalijua na valiji mkononi.

Afrika Kusini. Mama yuko na haki kwamba ni karibu, unatoka Kasumbalesa, Zambia, Zimbabwe, Beitbridge, umefika. Karibu na rahisi lakini havifanani. Inchi ile yenyewe zaidi ya watu 30 kwa 100 wanaofanya ama kutafuta kazi hawana kazi, na mwaka 2008, 2015 na 2019 wageni walipigwa na maduka yao yakachomwa, Wakongo wakiwemo. Wako na viza ya ujuzi adimu na kazi kadhaa za enjenia zimo kwenye orodha yao, lakini kwanza diploma ipite SAQA, ofisi yao ya kutambua diploma, halafu uandikwe kwa chama cha kazi yako, na hapo tena wanauliza umefanya kazi wapi. Asiyepitia pale anaishia foleni ya asylum (ukimbizi) na karatasi ya kurinyuva, kuongezewa muda, kila mara, na nimepokea simu za watu wenye diploma kama yako wanaolinda magari kwenye parking za Johannesburg, wanaona aibu kurudi. Kwa hiyo usimuulize mjomba kama maisha ni mazuri. Muulize ana permi gani, ilimchukua miaka mingapi kuipata, na kama leo angekuja na viza ya matembezi angeipata tena. Mjomba anayekupenda atajibu kweli.

Zambia hukuitaja na iko mlangoni kwetu. Kitwe na Solwezi wanafanya shaba kama sisi, kazi ya kiwanda ni ileile. Diploma inapita ZAQA, ofisi yao ya kutambua diploma, enjenia lazima aandikwe kwa Engineering Institution of Zambia, permi anaiomba mwajiri, na bila kingereza usisumbuke. Nao wako na vijana wao wengi waliomaliza chuo wanaongoja, kwa hiyo anayechukuliwa kutoka huku ni yule mwenye kitu ambacho wale wa kwao hawana.

Masomo njo njia ninayoipenda zaidi kwa mtu wa metalurji, tena mtu mwenye distinction, ila si kwa kuuza parseli. Ufaransa wanataka uonyeshe euro 615 kwa mwezi, karibu 7,400 kwa mwaka, na tangu 2019 vyuo vinaweza kumlipisha mtu asiyetoka Umoja wa Ulaya ada ya juu. Ujerumani vyuo vingi vya serikali havichukui ada, kuna Freiberg kule Saxony, chuo cha mine kilichoanzishwa 1765, lakini tangu Septemba 2024 wanataka euro 11,904 zifungiwe kwenye konti kwa mwaka. Kwa hiyo kwa familia kama yenu ni burse ama hapana. Na ukisoma masharti ya burse za ARES za Ubelgiji, ambazo Kongo imo, kwa zile master za spesialize wanaomba nini? Uzoefu wa kazi usiopungua miaka 2 baada ya kumaliza. Unaona tunavyorudi palepale. Canada, Afrika Kusini, Zambia, Ubelgiji, wote swali lao la kwanza kwako ni umefanya kazi wapi na nani anasaini.

Kwa hiyo tuongee Kolwezi.

Wenzako hawadanganyi. Jurnalye ni maisha magumu, nyumba ghali, vumbi, basi ya saa kumi alfajiri, leo jina lako liko kwenye liste kesho haliko. Lakini kuna kitu wengi wao hawajui na wanateseka bure. Code du travail yetu, sheria ya kazi, inasema jurnalye akishatimiza siku 22 za kazi ndani ya miezi miwili, akiajiriwa tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra yake inahesabika ni ya muda usio na mwisho. Njo maana utaona wako sous-traitants, masosiete yanayofanya kazi kwa niaba ya zile kubwa, wanaokukata siku ya 20 ama 21 halafu wanakuita mwezi unaofuata. Hesabu siku zako mwenyewe kwenye kaye, na tarehe. Piga picha kila bulletin de paie, karatasi ya mshahara. Uliza namba yako ya CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ukiambiwa itakuja uliza tena. Na ukiondoka, hata ukiondoka umekasirika, usiondoke bila attestation, karatasi ya mwajiri kwamba ulifanya kazi kwake, ni haki yako, na omba iandike tarehe ya kuanza na kumaliza, saa ngapi kwa wiki, mshahara, na kazi ulizofanya, juu hivo vyote njo Canada inavidai kwenye barua ya mwajiri. Nimeona mtu ana miaka minne ya kweli kwenye kiwanda na hana hata karatasi moja, kwa hao watu wa nje hajafanya kazi hata siku moja, na hakuna nilichoweza kumsaidia.

Hata dosie yako nimeiona ikoje bila kuiona, juu zote zinafanana. Umeandika "staji, service metalurji, miezi 3". Mtu wa kuajiri ana mia mbili kama hiyo mezani. Andika ulichofanya na mikono: nilichukua sampuli za soluti kila saa mbili, nilipima pH na asidi huru, nilifanya titrage ya shaba, nilifuata tanki za leaching zamu ya usiku, nilijaza rapport ya shift. Kama kweli ulifanya. Mtu wa kiwanda akisoma "asidi huru" anajua huyu ameingia kiwandani. Rudi kwa ile sosiete, si kuomba kazi, kuomba attestation iandikwe hivo. Halafu weka dosie pale ambapo wenzako hawaweki, maana wote mnakimbilia majina makubwa wakati wanaochukua watu wapya mara nyingi ni maboratware ya kuchambua madini hapa hapa Lubumbashi na masosiete madogo ya sous-traitance. Jiandikishe kwa ONEM, ofisi ya taifa ya ajira, si lazima ikupe kazi lakini ni bure. Na kingereza, mwanangu, kingereza kila siku, mikutano ya viwanda vyetu inafanywa na Wachina na watu wa Afrika Kusini na lugha wanayokutania ni hiyo.

Ujue pia ulimaliza kipindi kibaya, si wewe uliye mbaya. Februari 2025 serikali ilisimamisha kuuza kobalti nje, Oktoba ikaja kota, kipimo cha kiasi cha kuuza, na wakati kama huo wengi wanafunga mlango wa kuajiri, wanangoja kuona.

Kuna neno moja wenzako wanaume hawatakuambia. Kwenye kutafuta kazi huku atatokea mkubwa atakayetaka ulipe na mwili. Si kosa lako, si bei ya kawaida ya kazi, na anayekubali mara nyingi hapati hata hiyo kazi. Usiende entretien (maongezi ya kuomba kazi) kwenye hoteli wala nyumbani kwa mtu, mwambie mtu wa nyumbani saa na mahali, tunza mesaji zote. Ikitokea, usilibebe peke yako, tafuta avoka wa kike ama shirika la haki za wanawake hapa mjini. Na kama siku moja utaamua kuondoka inchi hii kwa sababu hiyo peke yake, sababu hiyo inatosha, usimweleze mtu zaidi.

Kama ningekuwa wewe ningejipa miaka miwili, huku, kwa makusudi, na dosie ya nje ikitembea pembeni polepole: evaluation mwaka huu, kingereza, akiba hata kidogo, burse ukitimiza miaka ya kazi, TCF mwishoni. Ukifika 28 utachagua ukiwa na kitu mkononi. Inawezekana pia ufike 28 uwe na kazi nzuri Fungurume na hutaki tena kwenda, hiyo nayo sawa. Kama baada ya mwaka mzima wa kutafuta kweli hujapata hata jurnalye, niandikie, tutaangalia Zambia kwa karibu.

Kuna mambo ambayo barua haitoshi, lazima ukae na mtu uso kwa uso. Kama mmekwisha kumpa huyo mtu franga, ama papa amesaini karatasi yoyote ya parseli, hata ile ya "kuahidi" tu, nendeni kwa avoka wiki hii na nakala za kila kitu, na msimpe nyongeza hata akisema viza imetoka. Kama ana pasipoti yako, mwombe leo ukiwa na papa, akikataa ni polisi na parquet (waendesha mashtaka), pasipoti si mali yake. Kama aliishajaza fomu yoyote kwa jina lako, pata nakala ya alichoandika, kuna wakati bado wa kuiondoa kabla haijakuharibia. Na kama usingizi umepotea, chakula hakishuki, siku zinapita hutaki kutoka kitandani, muone daktari, kukaa bila kazi kunaumiza mwili kweli na wazazi wetu mara nyingi hawalioni.

Papa akitaka kuongea na miye mwenyewe, anipigie, nitamsomea ile kontra mstari kwa mstari.